Umeambiwa ute wa magoti umeisha? Soma haya kabla ya kuchomwa sindano

Wiki hii tuzungumze kuhusu magoti, hasa ile sindano ambayo wengi huiita "sindano ya ute". Naulizwa habari zake karibu kila siku ya kliniki, na wanaouliza si wagonjwa peke yao. Wengi ni watoto wao walioko mbali, ambao wamepigiwa simu na mama au baba kwamba zinahitajika fedha za sindano.

Mwaka jana alikuja kwangu mama mmoja wa miaka 63, akisindikizwa na kijana wake wa mwisho.

"Shikamoo mama, karibu ukae," nilimwambia.

"Marahaba mwanangu. Kukaa nakaa, tatizo ni kuinuka."

Mama huyu ameuza vitumbua kwa zaidi ya miaka thelathini, kila alfajiri akiwa kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa. Mkononi alikuwa na bahasha ya eksirei na karatasi yenye hesabu: sindano tatu goti la kulia, tatu goti la kushoto. Alikuwa ameambiwa ute umekauka, mifupa inasagana, na akichomwa sindano hizo ute utarudi na atatembea kama msichana. Kijana alikuwa ameshapata mnunuzi wa pikipiki yake ya bodaboda ili alipie matibabu hayo. Pikipiki hiyo ndiyo iliyokuwa ikilisha nyumba nzima.

Walikuja kuuliza jambo moja tu: je, auze?

Nitakueleza nilichowaambia. Ila kwanza tuelewane kuhusu ute wenyewe.

Ute wa goti ni kitu gani?

Ndani ya goti, mwisho wa mfupa wa paja hukutana na mwanzo wa mfupa wa ugoko. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu, kitu cheupe, laini na chenye kuteleza, kama kile unachokiona mwishoni mwa mfupa wa kuku. Kiungo chote kimezungukwa na mfuko, na ndani ya mfuko huo kuna ute. Katika goti lenye afya ute huo ni kidogo sana, kwa kawaida haujazi hata kijiko cha chai.

Watu hufananisha ute na oili ya injini: gari likitembea sana oili inaisha, unaongeza nyingine. Mfano huu ni mzuri kwa muuzaji, lakini goti halifanyi kazi hivyo. Utando wa ndani ya goti hutengeneza ute kila siku, na mwili huondoa ule wa zamani kila siku. Isitoshe, goti lililovimba mara nyingi huwa na majimaji mengi kuliko goti zima. Kinachobadilika ni ubora wake. Katika ugonjwa wa kusagika kwa goti, ute huwa mwepesi na hupoteza ule mvuto wake.

Mvuto huo unatokana na kitu kinachoitwa asidi ya hayaluroniki. Usiogope neno asidi, kwani haiunguzi. Ni mnyororo mrefu sana wa sukari zilizoshikana mbili mbili, maelfu kwa maelfu. Minyororo ya namna hii wataalamu huiita polisakaridi. Unaifahamu hata kama hujawahi kusikia jina hilo: ule utelezi wa bamia na mlenda nao umetengenezwa na minyororo ya sukari ya ukoo huo. Sifa yake kubwa ni kushika maji mengi na kuyafanya yawe mazito yenye kuvutika, yaani jeli.

Sindano hii ilitoka wapi?

Mwaka 1934, wanasayansi Karl Meyer na John Palmer wa jijini New York waliitenga asidi hii kutoka katika jicho la ng'ombe. Baadaye mtafiti mzaliwa wa Hungary, Endre Balazs, alifanikiwa kuipata ikiwa safi kutoka kwenye upanga wa jogoo, ile nyama nyekundu iliyo kichwani. Madaktari wa macho walianza kuitumia kulinda jicho wakati wa upasuaji, na hadi leo wanaitumia. Mwaka 1997 Marekani iliruhusu itumike pia kwenye goti lililosagika.

Siku hizi nyingine bado hutoka kwa jogoo na nyingi hutengenezwa kwa kutumia bakteria viwandani. Ziko zinazochomwa mara moja, na ziko zinazochomwa mara tatu hadi tano, kila wiki mara moja. Tofauti nyingine ni uzito wake. Minyororo isipofungwa, mwili huiondoa ndani ya saa au siku chache. Kwa hiyo baadhi ya viwanda huifunganisha minyororo ili iwe jeli nzito inayokaa siku nyingi zaidi, hata wiki kadhaa. Lakini hakuna inayobaki gotini miezi sita. Anayekuambia umewekewa ute wa mwaka mzima hakuelezi ukweli.

Je, inasaidia?

Hapa nianze kwa kukiri. Miaka ya nyuma nami niliwaelekeza wagonjwa wangu kwenye sindano hizi, nikiwaambia kwa uhakika kuwa zitawarudishia ute. Nilikuwa nikirudia nilichofundishwa na nilichosoma kwenye vipeperushi. Baadhi walirudi wakishukuru, nami nikaamini. Wale ambao hawakupata nafuu wengi hawakurudi kuniambia, na sikuwatafuta.

Mwaka 2022 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 169 zenye watu zaidi ya 21,000. Katika tafiti kubwa, waliochomwa jeli walilinganishwa na waliochomwa sindano isiyo na dawa, bila wao kujua wamechomwa ipi. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Ukipima maumivu kwa kipimo cha 0 hadi 100, tofauti kati ya makundi hayo ilikuwa takriban pointi 2. Hiyo ni tofauti ndogo ambayo mgonjwa hawezi kuitambua akiwa anapanda ngazi. Isitoshe, madhara makubwa yalionekana zaidi upande wa waliochomwa jeli.

Sasa jirani yako anayeapa kuwa sindano ilimponya, je, anadanganya? Hapana. Ugonjwa wa kusagika kwa goti hupanda na kushuka. Mtu huenda kuchomwa siku ambazo maumivu yako juu kabisa, na baada ya hapo yangeshuka hata bila sindano. Pia kutunzwa, kupewa matumaini na kupumzisha mguu baada ya sindano hupunguza maumivu kwelikweli. Nafuu ni ya kweli, ila sehemu kubwa yake haitoki kwenye jeli.

Kwa sababu hiyo, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba inawaambia madaktari wasiitoe kwa ugonjwa huu. Chama cha madaktari wa upasuaji wa mifupa cha Marekani kinasema isitumike kama tiba ya kawaida kwa kila mgonjwa. Wapo wataalamu wengine wanaoikubali kwa wagonjwa wachache waliochaguliwa vizuri. Daktari wako akikupendekezea, si lazima awe tapeli. Lakini hakuna mwongozo hata mmoja kati ya hii unaoahidi kwamba sindano hii itaotesha gegedu upya.

Na bamia je? Na supu ya kongoro?

Swali hili halikosekani. Wapo wanaoloweka bamia usiku kucha na kunywa maji yake asubuhi ili kuongeza ute. Nimeshasema kwamba utelezi wa bamia na ute wa goti ni wa ukoo mmoja. Lakini ukimeza bamia, utelezi wake unakwenda tumboni na utumbo mpana, ambako unasaidia kulainisha choo. Hakuna njia inayoupeleka ukiwa mzima hadi gotini. Supu ya kongoro nayo huvunjwavunjwa tumboni kama nyama nyingine yoyote.

Kula bamia, ni chakula kizuri. Ila usiache dawa ya presha wala mazoezi kwa sababu ya maji ya bamia. Na kama uzito ni tatizo, supu yenye mafuta mengi kila asubuhi itaongeza mzigo kwa magoti yale yale unayotaka kuyasaidia.

Nini kinasaidia kweli?

Gegedu haina mishipa ya damu wala ya fahamu, ndiyo maana haijirekebishi kirahisi ikichakaa. Hatuna sindano wala kidonge cha kuirudisha. Lakini maumivu na ugumu wa kutembea vinaweza kupungua sana. Mambo yafuatayo yana ushahidi mzuri kuliko sindano, na mengi hayana gharama.

La kwanza ni kuimarisha misuli ya paja. Misuli hiyo ndiyo inayobeba goti. Kaa kwenye kiti imara, nyoosha mguu mmoja mpaka ulale sawa na paja, kaza misuli, hesabu hadi tano, kisha ushushe taratibu. Fanya mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Ukizoea, ongeza zoezi la kuinuka kwenye kiti na kukaa tena bila kujisukuma kwa mikono. Wiki za mwanzo unaweza kuhisi maumivu kidogo, hiyo ni kawaida. Yakizidi na kudumu hadi kesho yake, punguza idadi lakini usiache. Wengi huona mabadiliko baada ya wiki sita hadi kumi na mbili, hivyo usikate tamaa siku ya kumi.

La pili ni uzito. Utafiti uliofanywa kwa watu wazima wenye uzito mkubwa na magoti yaliyosagika ulionyesha kwamba kila kilo moja unayopunguza hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne kwa kila hatua. Ukipunguza kilo tano, goti limetuliwa mzigo wa kilo ishirini.

La tatu ni kubadilisha namna unavyofanya kazi. Inua jiko juu ya meza, acha kigoda. Kuna nazi ukiwa kwenye kiti kirefu badala ya kukaa kwenye mbuzi. Fua ukiwa umesimama au umekaa kitini, beseni likiwa juu ya benchi. Choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti chenye tundu. Kama kupiga magoti kwenye ibada kunakuumiza, kaa kitini. Fimbo ya kutembelea ishike kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Wengi huishika upande unaouma, na hapo inasaidia kidogo sana.

La nne ni dawa. Anza na jeli ya kupaka ya diklofenaki kwenye goti. Vidonge vya diklofenaki na ndugu zake vinapunguza maumivu, lakini vinaweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha presha na kuharibu figo, hasa kwa wazee. Usivinunue dukani na kuvimeza miezi mfululizo bila kupimwa.

Ipo pia sindano ya steroidi, ambayo wengi huichanganya na ya ute. Hupunguza maumivu kwa wiki kadhaa na inaweza kupandisha sukari kwa mwenye kisukari. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wagonjwa waliochomwa hiyo kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili walipoteza gegedu zaidi kuliko waliochomwa maji ya chumvi. Uliza kila mara unachomwa ipi.

Na pale ambapo goti limeharibika sana, usiku hulali na kutembea hadi chooni ni mateso, basi jadiliana na daktari bingwa wa mifupa kuhusu kubadilishiwa goti. Kama familia ina fedha kidogo za kuweka akiba, huenda zikafaa zaidi huko kuliko kumalizika kwenye sindano.

Ukiamua kuchomwa, uliza haya

Sikukatazi. Ni mwili wako na fedha ni zako. Lakini uliza:

Nimegundulika na ugonjwa gani hasa? Je, ni kusagika, au ni baridi yabisi, gauti au maambukizi? Jeli haitibu hayo mengine.

Jina la sindano ni lipi na imetengenezwa na nini? Kama una mzio wa mayai au manyoya ya kuku, mwambie daktari mapema, kwa sababu ya zile zinazotoka kwa jogoo.

Bomba lake limefungwa kiwandani, na tarehe yake haijapita? Lifunguliwe mbele yako. Jeli ya bomba moja ni ya mtu mmoja, si ya kugawana.

Nani anachoma, na wapi? Goti huchomwa mahali safi, ngozi ikiwa imesafishwa kwa dawa. Kama una kidonda au jipu karibu na goti, ahirisha.

Nisipopata nafuu, tunafanya nini? Jibu likiwa "tunarudia tena", fikiri upya.

Baada ya sindano goti linaweza kuuma na kuvimba kidogo kwa siku moja hadi tatu. Epuka kazi nzito na kusimama muda mrefu kwa siku mbili. Lakini goti likivimba sana, likawa la moto, likauma hata bila kuguswa, au ukapata homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Maambukizi ndani ya goti hutokea mara chache, ila yanaweza kuliharibu ndani ya siku chache.

Mzazi, goti la mtoto ni habari nyingine

Nimeshaletewa mtoto wa miaka saba ambaye mama yake aliambiwa na jirani kuwa "ute umepungua". Mtoto hana ugonjwa wa kuishiwa ute. Mtoto akivimba goti, akichechemea au akikataa kukanyaga, kuna sababu inayotafutwa: usaha ndani ya kiungo, selimundu, homa ya baridi yabisi inayofuata maambukizi ya koo na inayoweza kuharibu moyo, baridi yabisi ya utotoni, jeraha, na mara chache saratani ya mfupa. Akiwa na homa na hataki mguu uguswe, usisubiri asubuhi. Usimkande, usimchue, mpeleke hospitali.

Kuna matumaini mbele?

Yapo. Watafiti wanatengeneza jeli zinazoingia kwa sindano zikiwa majimaji na kuganda zikiwa ndani ya kiungo, ili ziwe kama kichanja cha kuoteshea gegedu. Nyingine hutokana na mwani, nyingine na maganda ya kamba na kaa. Moja ya hizi za maganda, ambayo huchanganywa na damu ya mgonjwa mwenyewe wakati wa upasuaji, ilijaribiwa kwa wagonjwa 80 wenye shimo kwenye gegedu ya goti. Baada ya miaka mitano picha zilionyesha shimo limejaa vizuri zaidi kuliko kwa waliopata upasuaji peke yake. Lakini kwa maumivu na utembeaji, makundi yote mawili yalikuwa sawa. Zingatia pia kwamba hao walikuwa na shimo moja dogo, si goti zima lililochakaa kwa miaka. Kwa hiyo ukiona tangazo la jeli inayootesha gegedu kwa wazee, weka pochi yako mfukoni kwanza.

Sasa nirudi kwa mama wa vitumbua. Nilimwambia kijana wake: "Usiuze pikipiki. Nipeni miezi mitatu." Nilimpeleka kwa mtaalamu wa mazoezi tiba, ambaye alimfundisha mazoezi mawili. Kijana aliagiza fundi atengeneze meza ya jiko yenye kimo cha kiuno. Chai tukaipunguza sukari, na vitumbua vilivyobaki jioni akaacha kuvimaliza yeye.

Alirudi baada ya miezi mitatu. Hakutembea kama msichana, na asubuhi za baridi magoti bado yanamkumbusha umri wake. Lakini aliinuka kwenye kiti bila kushikwa mkono, na usiku alikuwa akilala. Nilimuuliza kijana wake yuko wapi.

"Yuko nje, mwanangu," alisema. "Ananisubiri na pikipiki yake."